Watu Ambao Adventina Hakuwasalimu

Mwanza, ukimpita mtu mzima bila kumsalimu umemtukana, tusidanganyane. Hata kama jana mlitupiana maneno mpaka majirani wakatoka nje, leo mkikutana bombani utasema shikamoo, utaitikiwa marahaba, na ugomvi utaendelea baadaye kwa nafasi yake. Na salamu yenyewe haiishii hapo. Utaulizwa za nyumbani, za watoto, za kazini, za yule mgonjwa wenu, za mvua huko ulikotoka, na ole wako ujifanye una haraka.

Sasa mchukue mtu aliyelelewa hivyo, mpeleke Ulaya akasome, halafu mrudishe Mwanza, mtaa wa Kirumba, na kanuni za Ulaya. Balaa lote lilianzia hapo.

Adventina Lwakatare hakuwa mjinga, wala hakuwa na maringo, ingawa watu wa Mwanza wakisikia tu umetoka Bukoba wanakuandalia utani wa maringo kabla hujaketi. Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa na migomba. Masista walimsomesha, wakampeleka Ailandi, akarudi amesomea magonjwa ya akili na huzuni za watu. Kwanza alifanya kazi hospitalini, katika wodi ambayo watu wakiikaribia waliongeza mwendo. Baadaye akaomba kibali, akafungua chumba chake mwenyewe Kirumba, katika ua wa mjane mmoja wa Kisukuma, Mama Tereza, akaishi humohumo. Watu wakamwita Daktari wa Mawazo. Wengine walicheka, wakasema makubwa haya, nchi inajenga Ujamaa na kuna mtu anauza maongezi. Lakini walikuja. Walikuja mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, ule unaotazama mawe makubwa na ziwa, wakaondoka kwa mlango huohuo.

Siri zao alizilinda kwelikweli. Hakuandika jina la mtu popote. Aliacha nafasi ndefu kati ya mgonjwa na mgonjwa ili wasipishane. Mtu akiwa ndani, redio iliimba barazani ili maneno yasitoke. Na kila aliyekuja mara ya kwanza alielezwa kanuni aliyoileta kutoka Ailandi, kwamba nje ya chumba hiki mimi sikujui, nikikukuta sokoni nitakupita, usione nimekudharau, nakulinda. Ukitaka tusalimiane anza wewe, nami nitaitika. Wote walishukuru, na hakuna aliyewahi kuanza. Nani angeanza?

Kule Ailandi kanuni hiyo ilifaa. Watu walipishana barabarani wameinamisha vichwa kwa baridi, na mtu kutosalimiwa hakukumwambia yeyote chochote. Kirumba si huko. Kirumba mtu asiposalimiwa, kila mwenye macho anaona, na kila aliyeona anataka kujua kuna nini. Adventina, pamoja na masomo yake yote, hilo hakulifikiria. Inaudhi kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka ninaousimulia ndio ule wa unga wa yanga, unga wa njano wa msaada ambao mji mzima uliupangia foleni. Katika waliokuwa wakija kwa mlango wa nyuma alikuwemo Masalu Ngosha, mwenyekiti wa tawi la Chama pale mtaani, mwanamume mrefu mwenye sauti nzito, akihutubia hata watoto wanaacha mpira. Nyumbani mtu huyohuyo mvua ikigonga bati aliinuka kitandani, akaketi, akatetemeka mpaka iishe. Mkewe aliambiwa ni homa za vipindi.

Sababu aliijua Adventina peke yake. Mwaka uliotangulia, wakati wa Operesheni ya kuhamia vijijini, Masalu alitumwa na kikosi cha mgambo huko mbele ya Kisesa kuwatoa watu waliokuwa wamekawia. Mzee mmoja akagoma kutoka nyumbani kwake. Mzee huyo aliitwa Kashindye, na alikuwa mjomba wake Masalu, tumbo moja na mama yake, aliyemlea tangu anachunga ndama. Masalu akaona aibu kumpendelea mjomba wake mbele ya mgambo, akaamuru nyasi za paa zishushwe. Mvua ikanyesha. Mzee akakaa mlemle ndani bila paa, akapata kichomi, akafa. Ukoo mzima uliamini ni mgeni fulani aliyetoa amri ile, na Masalu alilia nao msibani, akashika na koleo la kuzikia.

Alipomaliza kumsimulia Adventina hayo, alisema kwa utulivu, tena ule utulivu ndio ulioogofya: "Siku watu wakijua nakuja hapa, watauliza natibiwa nini. Wakishauliza watafika kwa mjomba. Mimi sitasubiri wafike, Daktari. Ziwa lile pale."

Adventina aliyachukua maneno hayo kama yalivyosemwa. Alimwapisha kwamba kabla ya kufanya lolote atakuja kwanza kwake. Wakaendelea, wiki baada ya wiki, na Masalu akaanza kupata usingizi. Alisema siku moja mvua ilinyesha na yeye hakuamka, akashangaa mwenyewe kukuta ua umelowa. Adventina alifurahi siku ile mpaka akamnunulia Mama Tereza sato mkubwa bila kusema ni wa nini.

Mama Tereza hakuuliza. Hakuwa mtu wa kuuliza. Kila asubuhi akiwa anafagia ua, Adventina alitoka, akapiga goti, akasema shikamoo, na mama akaegemea fagio, salamu zikaanza upya kwa Kisukuma, mwangaluka na habari zake zote, Adventina akikosea na mama akimcheka. Alipougua malaria mwaka wa kwanza, Mama Tereza ndiye aliyemnywesha uji kwa kijiko. Mji mzima ulijua kwamba yule Mhaya na yule mjane ni mtu na mama yake.

Basi siku moja Adventina alikwenda kwa Leonsia, mke wa karani mmoja wa benki, Mhaya mwenzake, wakawa wanamenya ndizi na kupiga soga. Leonsia akacheka peke yake, akasema siku hizi akina mama wa dagaa kule mwaloni, ufukweni mitumbwi inapotia nanga, wana mchezo. Wakimwona Adventina anakuja wanatazama anampita nani bila kumsalimu, halafu wanafinyana. Huyo aliyepitwa ndiye mwenye kichwa kibovu.

Adventina akauliza mchezo gani huo.

Leonsia akaeleza. Mwanzoni walidhani ni maringo tu ya Kihaya. Baadaye wakajiuliza, huyu mbona wauza dagaa anawasalimu hadi anapiga goti, halafu anampita mwenyekiti wa tawi kama anapita nguzo ya umeme? Ndipo Mihayo, katibu wa tawi, alipowafumbulia fumbo, kwamba anaowapita ni wagonjwa wake, anajifanya hawajui. Leonsia akawataja waliokwishajulikana. Kuna mwalimu fulani, kuna mke wa mwenye duka la nguo, kuna Masalu.

Hakukosea hata mmoja. Adventina aliweka kisu chini. Miaka yote alikuwa akidhani anawafunika watu, kumbe alikuwa akipita mtaani akiwanyooshea kidole mmoja mmoja. Alijichukia. Leonsia, ambaye hakuwa na ubaya wowote, alimalizia kwamba Jumapili kuna mkutano wa kuchagua mwenyekiti, Mihayo anakitaka kiti, na ameapa kilabuni kwamba atasimama awaulize wananchi kama wanataka kuongozwa na mtu anayetibiwa wazimu. Ushahidi mji mzima umeuona kwa macho.

Alirudi nyumbani kwa miguu, hajui alipita njia gani. Aligeuza jambo huku na huku. Amsalimu Masalu kuanzia kesho? Watu wangesema eh, leo vipi, wamepatana au amepona? Masalu aanze yeye kumsalimu? Ni yaleyale, Mihayo yuko macho. Amwendee Mihayo amkanushie? Kumkanushia kuhusu nani, na yeye hamjui mtu? Kila alipogusa palikuwa pameharibika tayari. Aliwaona watu wakimsogelea Masalu na maswali yao, na akaliona ziwa.

Ikabaki njia moja. Yale maringo ambayo watu walimsingizia mwanzoni, sasa ayafanye yawe kweli. Wasiosalimiwa wakiwa wachache wanajulikana. Wakiwa mji mzima, nani atamtambua nani?

Kesho yake alishuka mwaloni, akawapita wauza dagaa wote, macho mbele. Odeta, mkubwa wao, aliyekuwa akimwekea fungu zuri siku zote, alisimama na kopo mkononi akidhani hajaonekana. Akaita. Adventina hakugeuka. Bombani aliwapita. Kwenye foleni ya yanga aliwapita wazee waliokuwa wamekaa juu ya mawe. Katekista Venant alimwinulia kofia mlangoni pa kanisa, akabaki ameishika hewani. Siku ya kwanza watu walicheka, wakasema Daktari naye kapata ugonjwa wake. Siku zilizofuata hawakucheka tena. Dagaa zilianza kuisha kila alipofika yeye. Mtoto mmoja alimwimbia wimbo wa maringo mpaka nyumbani, na mama yake mtoto alisikia, akamwacha aimbe.

Kila siku alitaka kurudi akawaombe radhi. Kila siku alimkumbuka Masalu, akanyoosha shingo. Uani tu, asubuhi, pasipo na mtu wa kuona, aliendelea kupiga goti mbele ya Mama Tereza, na mama aliitikia vilevile, ingawa maneno ya mtaani yalikuwa yamemfikia. Alisema tu kwamba mtu anakuwa na sababu zake.

Jumapili mkutano ulifanyika uwanjani pa shule baada ya misa. Adventina alichelewa makusudi, watu wawe wamekaa, wamwone wote. Desturi ni kwamba ukichelewa unapita mstari wa mbele, walipo wazee, unatoa mkono mmoja mmoja, kisha unatafuta pa kukaa. Alianza kuupita mstari ule. Mzee Luhaga alitanguliza mkono, akaupita. Mihayo aliinuka nusu kitini, meno nje, maana yeye alikuwa akisalimiwa siku zote na ndiyo ilikuwa fahari yake. Akampita Mihayo. Akampita Masalu. Na mwisho wa mstari, juu ya kigoda alichokuja nacho kichwani kutoka nyumbani, alikuwa ameketi Mama Tereza.

Hakuwa amelipanga hilo. Mama Tereza hakuwa mtu wa mikutano, na Adventina alikuwa amejipa moyo kwamba atabaki nyumbani. Uwanja wote ulitazama. Akimsalimu huyu peke yake, Mihayo atasimama hapohapo aseme mnaona, mzima amemsalimu, na mchezo utaanza upya. Mama Tereza akatabasamu, akamwanza yeye kwa salamu ya mchana ya Kisukuma, kwa sauti ya kila siku, "Mwadila, mwanangu."

Adventina akapita. Alikwenda kusimama nyuma kabisa, na miguno ilianza pale pale kama maji yanayochemka.

Mihayo hakuweza kujizuia, maana swali lake alikuwa amelilea wiki nzima. Akasimama akaanza kusema kwamba pana daktari mmoja hapa mtaani, na kila asiyesalimiwa na daktari huyo, ndugu zangu, mnajua ana nini kichwani. Odeta hakumwacha amalize. Akamwuliza kwa sauti iliyofika barabarani kama yeye Mihayo amesalimiwa. Watu wakaangua kicheko. Mwingine akauliza kama mkutano wote ukafungiwe wodini, na dawa zitatosha kweli? Mihayo alijaribu kuendelea, akashindwa, akaketi, na hakuinua kichwa tena.

Kicheko kilipokwisha ikaja hasira. Mzee Luhaga alisema tangu azaliwe hajapitwa na mtoto wa mtu namna ile. Wengine wakasema hiyo ndiyo elimu ya Ulaya, na wengine wakaanza kuwatia humo Wahaya wote waliovuka ziwa, jambo ambalo halikuwa haki hata kidogo. Ndipo Masalu aliposimama.

"Daktari," alisema, "mimi kunipita umezoea, sina neno. Lakini Mama Tereza amekupa nyumba. Amekulea ulipougua. Kama kusoma ndiko huko, basi usomi huo urudishe ulikoutoa."

Walimpigia makofi mpaka vumbi likatimka. Kura zilikuwa za kunyoosha mikono, na mikono ilijaa uwanja. Adventina alimtazama Masalu pale mbele. Sauti ilikuwa ileile nzito ya zamani, na mikono imetulia. Alifurahi, Mungu anajua, kisha akatoka uwanjani peke yake kabla watu hawajatawanyika.

Jumatatu Masalu alikuja kwa mlango wa nyuma, akaketi, hakuweza kumtazama. Alisema alielewa tangu alipomwona anampita Mihayo. Alisema kama angemtetea Daktari watu wangejua siri yake, na angenyamaza vilevile wangejua. Adventina akamjibu alifanya vizuri. Basi Masalu akamsihi walau Mama Tereza aambiwe ukweli, mzee wa watu hana kosa.

"Nikimwambia kwa nini nilimpita," Adventina akasema, "nitakuwa nimemwambia nilikuwa namficha nani."

Masalu aliinamisha kichwa. Hakusema basi mwambie.

Tangu mkutano Mama Tereza hakuwa ametoka kufagia. Majani ya mwembe wa jirani yalijazana uani, na moshi wa jikoni ulikuwa haba. Jumanne asubuhi Adventina alichukua mkungu wa ndizi aliotumiwa kutoka kwao, akaenda kupiga goti mlangoni, amejiandaa kutukanwa, amejiandaa hata kuambiwa ahame. Aliona afadhali atukanwe.

Akasema shikamoo. Mama Tereza aliitika marahaba kwa sauti ndogo, akamwambia aingie afunge mlango. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala.

"Nataka uniambie bila kunificha," alisema. "Umeniona na nini?"

Adventina hakumwelewa.

"Mihayo alisema unaowapita ndio wagonjwa. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Wengine umewapita wiki nzima, mimi ukanisalimu kila siku. Halafu Jumapili ukanitazama usoni, ukanipita. Kitu gani ulikiona siku ile?" Akashusha pumzi. "Juzi niliacha maharage motoni mpaka chungu kikapasuka. Jina la mjukuu wangu nililitafuta siku nzima. Mama yangu alianza hivihivi, mwanangu. Aliishia kuokotwa maporini upande wa Bujora, uchi, hamjui hata mtoto wake."

Adventina alimshika mikono. Alimwapia kwamba hana ugonjwa wowote, kwamba kuunguza maharage kila mtu anaunguza, kwamba kosa lote ni la kwake mwenyewe. "Ni maringo yangu, Mama. Maringo tu. Nisamehe."

Mama Tereza alitikisa kichwa polepole.

"Wewe huna maringo," alisema. "Ningekuwa sikujui ningekubali. Usinidanganye kwa kunionea huruma. Kama si maringo, na si ugonjwa, ni nini?"

Palikuwa na jibu. Lilikuwa fupi, na lilikuwa na jina la mtu ndani yake. Jibu hilo Adventina hakuweza kulitoa. Alijaribu kutafuta uongo mwingine, wowote, na kila alioupata mama huyu angeuona, maana waliishi pamoja na walijuana. Akanyamaza, na Mama Tereza akauchukua ule unyamavu kuwa ndiyo jibu alilokuwa akilingoja.

"Basi, nimeelewa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole, yeye ndiye aliyekuwa akimbembeleza Adventina sasa. "Ila nakuomba kitu kimoja. Siri za watu unazitunza, hilo nalijua, nimekaa na wewe. Binti yangu Suzana asijue. Akijua atakuja kunichukua anipeleke kwake, na mimi nataka kufia hapa nilipomzika mume wangu."

Adventina alilia pale sakafuni, kichwa juu ya magoti ya mama yule, akasema hatamwambia Suzana. Mama Tereza alimfuta machozi kwa pindo la kanga, akamwambia asihuzunike, uzee hauna dawa, kisha akamwuliza aanze kuja kutibiwa siku gani.